Kampuni imetuachia fanksheni wazi kwenye kanzidata ya SACCOS, halafu inasema mkataba umeisha!

Wakuu, nina hasira hata chai haipiti.

Nimekabidhiwa mfumo wa SACCOS moja, umejengwa na kampuni ambayo sitaitaja. Aplikesheni ya simu haigusi majedwali. Kila kitu ni fanksheni (vipande vya programu) ndani ya kanzidata ya PostgreSQL, zinaitwa kwa mbali kupitia PostgREST, programu inayopokea maombi ya mtandaoni na kuyafikisha kwenye kanzidata: unatuma POST kwenye /rpc/salio pamoja na namba ya mwanachama, salio linarudi. Mpangilio wenyewe naupenda, hesabu inafanyika data ilipo.

Juzi usiku nilituma namba ya majaribio. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho tu. Likaja salio la mtu mwingine, na jina lake, na mkopo, hadi mdhamini! Na wala sikuwa nimeingia kwa nywila.

Nikaifungua fanksheni. SECURITY DEFINER, mmiliki ni postgres. Yaani yeyote anayeiita, humo ndani anatumia mamlaka ya mkubwa wa kanzidata, na zile sera za kulinda safu mlalo (nani aone rekodi zipi) walizoziweka kwenye majedwali hazimgusi. Tena PostgreSQL ukiunda fanksheni, ruhusa ya kuiita inakwenda kwa PUBLIC, kila mtu, mpaka uiondoe mwenyewe kwa REVOKE. Hawakuiondoa hata kwenye moja.

Kinachoniuma zaidi, kuna aliyeshtuka. Kwenye historia ya Git, kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, nimeona mtu kaongeza kigezo cha tokeni (kithibitisho cha aliyeingia), kaandika CREATE OR REPLACE, yaani unda au badilisha iliyopo, kaamini ya zamani imekwisha. Haikwisha! Fanksheni hutambuliwa kwa jina pamoja na aina za vigezo vyake. Ukiongeza kigezo unazaa nyingine, ya kwanza inabaki palepale. Usipotuma tokeni, PostgREST inakupeleka kwenye ile ya zamani. Wametia kufuli mlango mpya, wa zamani uko wazi pembeni yake.

Nimeifuta kwa DROP, nimefunga zilizobaki, na namba ya mwanachama sasa inasomwa kwenye tokeni iliyothibitishwa. Nikawapigia simu. "Mkataba wa matengenezo uliisha." Hizo ni akiba za mama lishe na bodaboda, jamani! Viongozi wa chama nimeshawaandikia, wanachama waambiwe.

Uliyerithi mfumo wa namna hii, ingia psql leo (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), andika \df+, itakuorodheshea fanksheni na ruhusa zake. Ukikuta definer na sehemu ya ruhusa iko tupu, usidhani hakuna aliyeruhusiwa. Tupu maana yake wote wameruhusiwa.