Dogo anataka DT 125 na miguu haifiki chini, nimchukulie pikipiki gani?

Kakamkubwa
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu ana miaka 19, kapata kibarua kule Mzumbe na anakaa Moro mjini, kwa hiyo kila siku atakuwa anapiga ile lami ya Iringa, si mnaijua ilivyo na maroli ya Tunduma. Pikipiki ndo kwanza anajifunza. Sasa kuna Yamaha DT 125 kaiona mnadani kaipenda balaa, anasema Boxer ni za boda. Shida dogo mfupi, kaikalia miguu inaning'inia kama yupo kwenye stuli ya baa. Mi nawaza Boxer 100 au TVS HLX 125, mnaonaje?

Fundi wa Msamvu
DT ni chuma, sibishi, nimezifungua sana ila sio ya kujifunzia. Kiti kiko juu mno, halafu ile ni 2T, yaani inachoma oili pamoja na petroli, na oili yake ina tangi lake peke yake, dogo akisahau kujaza injini inakamata akiwa kwenye spidi na tairi la nyuma linaganda hapo hapo. Na nguvu yake haiji taratibu, unazungusha mafuta imelala tu mara inaamka yote kwa pamoja. Mtu ambaye klachi bado inamsumbua utamuokota mtaroni.
Mwache akalie pikipiki, nyayo zote mbili zikanyage chini, kisha aisukume kurudi nyuma mwenyewe. Akishindwa hiyo sio saizi yake, mambo ya cc, ukubwa wa injini, baadaye.

Boda mstaafu
Naungana na fundi, ila Boxer 100 kwa njia hiyo hapana aisee. Mafuta inanusa tu, hilo kweli, ila basi likikujia nyuma unataka kutoka huna pumzi. Chukua 125. Na leseni pia angalieni, A1 ni chini ya cc 125, ukivuka hapo unaingia A, HLX injini yake ni cc 124 na pointi kwa hiyo yupo salama.

Mama Kiki
Mkienda used kimbieni zilizotoka kwenye mkataba wa boda jamani. Mimi niliuziwa moja mita inasoma kilomita 9,000, kumbe waya wa mita ulikatwa siku nyingi. Mita isikudanganye, tazama raba za kukanyagia na pedeli ya breki kama zimelika mpaka zinang'aa, shika tairi la nyuma ulitikise kushoto kulia, likicheza bushi zimekwisha. Namba ya chesisi ilingane na kadi, na kadi muhamishe umiliki TRA siku hiyo hiyo, muuzaji akishakula hela simu hapokei. Halafu helmeti nzuri nunueni kabla ya pikipiki, sio zile bakuli.

Fundi wa Msamvu
Mama Kiki umemaliza. Kama hela inafika chukua mpya, kilomita 500 za mwanzo asiivute sana, kisha amwage oili. Na abiria asibebe kwanza, wiki mbili azunguke uwanja wa mpira.

Kakamkubwa
Nimewaelewa wakuu. Leo tumeenda dukani akakalia HLX, nyayo zote chini, kaisukuma mwenyewe mpaka nje. Amenuna lakini kakubali, ila kashaanza kuuliza saitimira za DT zinauzwa wapi.