Kujitolea uuguzi zahanati ya misheni yenye sola tu: mambo yanaharibikia wapi?

Muuguzi_Mgeni
Habari zenu wakuu. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, leseni bado iko hai. Nimekubaliwa kujitolea miezi sita kwenye zahanati ya masista huko Ludewa, upande wa milimani, kuanzia Desemba. Umeme ni wa sola, maji ni ya mserereko, na wanazalisha akina mama kumi hadi kumi na tano kwa mwezi. Hospitali ya rufaa ni saa mbili kwa gari, barabara ikiwa kavu. Mazoezi yangu yote yalikuwa hospitali ya mkoa, ambako ukiita daktari anafika. Naomba wenye uzoefu waniambie siku za kwanza nikague nini, hasa leba. Dozi nyingi nazijua, ninachotaka ni yale yanayokwamisha.

mkunga_wa_zamu
Karibu sana. Desemba unaingia na mvua, na Nyanda za Juu Kusini mvua haiachii mpaka Aprili. Hizo saa mbili zihesabu nne au tano. Patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) ikigusa mstari wa tahadhari, usisubiri kama ulivyozoea mkoani. Piga simu ya gari hapohapo.

Siku ya kwanza fungua jokofu. Oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba mama akishajifungua, inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ampuli iliyolala kabatini wiki kadhaa haibadiliki rangi wala harufu, ila nguvu imekwisha. Utachoma uniti 10 pajani, mji wa mimba unabaki laini vilevile, na wewe unamshangaa mama badala ya kuishangaa dawa. Zahanati nyingi zina jokofu moja tu, la chanjo. Kubalianeni na anayesimamia chanjo kwamba oksitosini iwekwe humo, kwenye boksi lake lenye maandishi makubwa, mbali na upande unaogandisha. Kwenye troli zitoke ampuli mbili au tatu, si boksi zima.

Akiba yako ni misoprostoli, vidonge 3 vya mikrogramu 200 kwa mdomo. Vibaki kwenye karatasi yake ya alumini. Vikishamiminwa kwenye kichupa, unyevu wa milimani unavimaliza. Na iwe oksitosini au misoprostoli, papasa tumbo kwanza kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki.

Damu: macho yanadanganya, kanga inadanganya zaidi. Kanga iliyolowa inaficha damu nyingi kuliko unavyodhani. Ipime ikiwa kavu, ipime ikiwa imelowa. Kila gramu 1 iliyozidi ni kama mililita 1 ya damu. Mizani ya watoto inatosha kwa hilo. Ukikaribia mililita 500 anza kazi, usingoje mama alegee: kanda mji wa mimba, oksitosini, dripu, toa mkojo kwenye kibofu, kagua kondo na michubuko. Kama dawa ya traneksamiki (ya kusaidia damu igande) ipo, gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Ambu bagi, puto la kumsukumia hewa mtoto asiyepumua, ijaribu kila unapoingia zamu. Ziba mdomo wa maski kwa kiganja, kamua, usikie vali ya usalama inafunguka. Maski ziwe mbili, namba 1 na namba 0 ya njiti. Kifua kisipopanda, mara nyingi shingo imekunjwa nyuma kupita kiasi au maski inavujisha pembeni ya pua. Rekebisha hivyo kabla ya kukamua kwa nguvu zaidi.

Drami_na_Tepu
Mkunga kamaliza leba, mimi nibaki na vifaa. Otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya umeme inakula wati 1,500 na zaidi, sola ya zahanati haiwezi. Utakuta ile ya sufuria, inayowekwa juu ya jiko la gesi au mkaa. Makosa yake ni yaleyale kila mahali.

La kwanza ni hewa. Funga kifuniko, acha vali ya hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo kwa dakika 5 hivi, ndipo uifunge. Hewa ikibaki ndani, geji itasoma presha nzuri huku joto halijafika nyuzi 121. La pili ni saa: dakika zinahesabiwa presha ikishafika, si jiko linapowashwa. Vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa dakika 30, visivyofungwa 20.

La tatu wengi hawalijui. Zile pauni 15 za presha zinazotajwa kwenye maelekezo ni za usawa wa bahari. Ukipanda, ongeza nusu pauni kwa kila mita 300. Zahanati ikiwa mita 1,800 unahitaji kama pauni 18. Soma kwanza kikomo kilichoandikwa kwenye chombo. Kama hakifiki huko, refusha muda na umwambie fundi wa vifaa tiba wa wilaya.

Drami, kopo la chuma la kuwekea vifaa, iingie matundu yake yakiwa wazi, yafungwe inapotoka. Kifurushi kilichotoka kimelowa hesabu si safi, hata kama tepu ya kiashiria iliyobandikwa juu yake imegeuka rangi. Tepu inasema tu kwamba joto limepita hapo. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa kama yapo, maana yenye chumvi yanaziba vali.

Kabla ya hapo, dawa ya klorini asilimia 0.5: JIK kipimo 1, maji vipimo 6, dakika 10 tu. Mikasi ikilazwa humo usiku kucha inaota kutu kwenye maungio, na mkasi wa kitovu ukiwa butu utajuta.

Bohari_Ndogo
@Drami_na_Tepu hapo kwenye 1 kwa 6 ongeza neno. Hicho ni kipimo cha dawa yenye klorini asilimia 3.5. Madukani kuna chupa za asilimia 5, hiyo ni 1 kwa 9. Soma lebo, gawanya kwa 0.5, toa 1. Ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 hivi kwa lita. Changanya upya kila siku. Iliyoachwa juani haina kazi.

Muuguzi_Mgeni
Asanteni mno, naandika yote. Swali moja: sista mfawidhi ameniambia kwenye simu kuwa kifafa cha mimba wao wanachoma magnesiamu (dawa ya kuzuia degedege) kwenye makalio tu, kisha wanasafirisha. Mkoani tulianza na mshipa. Nifuate lipi?

mkunga_wa_zamu
Hajakosea sana, dada (au kaka, samahani). Mshipa usipopatikana, gramu 5 kila kalio, jumla 10, na safari ianze. Lakini kanula ikiingia, anza na gramu 4 za mshipa, halafu hizo 10.

Ajali zinatokea kwenye hesabu. Ampuli nyingi ni za asilimia 50, yaani gramu 1 kwenye mililita 2, na hiyo haiingizwi kwenye mshipa bila kuchanganywa. Vuta mililita 8 za dawa na 12 za maji ya sindano. Una 20 za asilimia 20, ndizo gramu 4. Ingiza taratibu, isipungue dakika 5. Za makalio hazichanganywi na maji: mililita 10 kila upande, ndani sana, na mililita 1 ya lignokeini asilimia 2 kupunguza maumivu. Hesabu hii iandike kwa kalamu nene, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Saa tisa usiku mama anatikisika hakuna anayekumbuka kugawanya.

Degedege likirudi baada ya dakika 15, gramu 2 za mshipa (mililita 4 za dawa, 6 za maji).

Sasa fikiria mvua imekata barabara. Kila baada ya saa 4 ni gramu 5, kwa kubadilisha kalio, ila kwa masharti: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umefika mililita 100 kwa hizo saa 4. Kwa hiyo katheta (mpira wa mkojo) inawekwa mwanzoni, si baadaye. Sharti moja likikosekana, shikilia dozi. Pumzi zikikatika, Ambu bagi na kalisiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole. Hiyo kalisiamu iulizie kabla hujafika, huwa ndiyo inayokosekana.

Mzee wa MTUHA
Mmesahau makaratasi. Omba barua ya makubaliano inayotaja nani msimamizi wako, malazi, posho kama ipo, na nani anagharamia ukichomwa na sindano. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, bora saa 2 za mwanzo, kwa siku 28. Ulizia kama zinakaa hapo au zinafuatwa mjini. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, mwezi 0, 1 na 6, kwa hiyo ya kwanza choma wiki hii.

Uliza pia kama halmashauri ina mkataba wa huduma na kanisa. Bila mkataba, mjamzito aliyezoea bure ya serikali atadaiwa, na wewe ndiye utakayeulizwa dirishani. Na kwa kuwa ni ya masista, njia za kisasa za uzazi wa mpango huenda hazitolewi. Usibishane nao, jua tu zahanati ya serikali ya karibu iko wapi na siku zao za kliniki, umwelekeze mama.

Kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ndiyo rejesta ya wanaojifungua, jaza kabla hujavua glavu za mwisho, kwa namna ya kusema. Rufaa iliyoondoka bila kuandikwa saa ya dozi ya magnesiamu, hospitali watampa tena dozi ya kuanzia.

Bohari_Ndogo
Nimalizie ya sola. Birika na pasi zisiguse soketi za zahanati kabisa. Simu zichajiwe mchana, jua likiwa juu. Zikichajiwa jioni zinakula betri ya taa ya leba. Jokofu la chanjo liwe na laini yake peke yake. Kurunzi ya kichwani beba yako, na betri za akiba seti mbili.