Msimamizi anataka nitenganishe kipimo kimoja kiwe namba tatu, naombeni ushauri

Binti_Nyegezi:
Wakuu, habari za mchana. Nipo hapa Mwanza, naandaa madai ya bima mtandaoni kwa maabara moja ya Marekani. Kuna kipimo cha PCR (kinachosaka vinasaba vya kirusi): kijiti kimoja cha pua, mashine inatafuta UVIKO-19, influenza A, influenza B na RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa) kwa mkupuo. Msimamizi anataka niandike namba tatu za CPT (namba za huduma za tiba zinazotumika kudai bima Marekani): 87635 ya UVIKO, 87502 ya influenza, 87634 ya RSV. Mfumo ukikataa, eti niongeze alama ya 59 mwishoni mwa namba ipite. Nikiuliza naambiwa kila kirusi kina namba yake. Moyo unasita. Waliowahi kufanya hizi kazi mnasemaje?

Sangara_Mkavu:
Dada, ukinunua kisado cha dagaa pale Mwaloni, unalipia kisado au unahesabiwa dagaa mmoja mmoja? Namba ipo, 87637. Inabeba vyote vinne na unaiandika mara moja. Kuvitenganisha kunaongeza hela, ndiyo maana anang'ang'ania.

Mzee_wa_Kamanga:
Wewe karani tu. Fanya unachoambiwa, dola ziingie.

Sangara_Mkavu:
Mzee, mfumo unatunza jina la aliyeingiza dai. Na kama mgonjwa ni wa Medicare, hiyo ni bima ya serikali. Kule ukiidai serikali uongo huku unajua, unaweza kulipishwa hasara mara tatu, na faini juu yake.

Mtu_wa_Maabara:
Hiyo 59 inamaanisha huduma zilikuwa tofauti kweli: sampuli nyingine, sehemu nyingine ya mwili, au mgonjwa alipimwa tena wakati mwingine. Kijiti kimoja, mashine moja, wakiomba rekodi mtawaonyesha nini?

Halafu angalia ripoti ya majibu kwanza. Unahesabu virusi vilivyotafutwa, siyo vilivyopatikana. Majibu yote yakitoka hasi, namba ni ileile. Vipimo vya pamoja vya virusi vya njia ya hewa visivyo na UVIKO-19 vinakwenda kwa idadi: 3 hadi 5 ni 87631, 6 hadi 11 ni 87632, 12 hadi 25 ni 87633. Zile mashine kubwa zinazosoma vimelea ishirini na kitu pamoja na UVIKO zina namba zao nyingine, zinaishia na herufi U.

Binti_Nyegezi:
Ripoti ninayo, ni vinne tu. Sasa nikimwambia si atanitoa kazini?

Sangara_Mkavu:
Usimwambie amekosea. Muulize kwa barua pepe: hapa 87637 haifai? Akijibu, unalo andiko. Akikupigia simu, mwandikie baadaye mlichokubaliana.

Binti_Nyegezi:
Asante kaka. Kwao ndiyo kwanza asubuhi, natuma sasa hivi.

Mzee_wa_Kamanga:
Kwani hizi kazi mnazipataje? Nina kijana wangu hapa amemaliza chuo, anashinda kijiweni.