Mdogo wangu kakutwa na MS, hizi vitamini nimpe zipi niache zipi?

Bint_Kikwajuni:
Assalaam alaykum jamani. Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, alianza na jicho moja kuona ukungu, likapoa, baadae miguu ikawa inakufa ganzi, tukazunguka weee mpaka tukavuka Dar akapigwa picha ya MRI ndo wakatwambia ni multipo sklerosisi, hio MS, kinga ya mwili inashambulia ile ngozi inayofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Dawa keshaanzishwa alhamdulillah. Tabu sasa ni vitamini. Shangazi wa Maskati katuma mkoba mzima, D, B komplex, zinki, bayotini, omega, chuma, na kila anokuja kumtazama mgonjwa anakuja na kichupa chake. Mwenyewe keshachoka kumeza. Zipi zina maana? Na huyu kutwa yumo ndani, akitoka kavaa buibui, hio D si itakua imemuishia?

Mwana_wa_Wete:
Waalaykum salaam dada angu, pole sana, mpe pole na mgonjwa. Mie nnayo hio MS, nipo huku Pemba. D ndo ya kuanza nayo ila kwanza apimwe damu ijulikane anayo kiasi gani, msianze kumeza kwa kubahatisha. Watu hucheka ukiwambia umepungukiwa D na jua lote hili, lakini ngozi yetu nyeusi inataka jua zaidi kuitengeneza na ukijifunika ndo kabisa. Halafu sie wa MS joto ni adui, mie nikitoka saa sita mchana macho yanaingia kiza na miguu inakua kama si yangu, nikipoa narudi sawa, kwa hio ukimwambia mgonjwa akaote jua unamtesa bure. Kwenye chakula ipo kwa vibua na jodari, si nyingi ila ipo.

Mfamasia_Mlandege:
Hapo juu kasema kweli. Wenye D kidogo kwenye damu wanaonekana kupata MS zaidi, hilo halina ubishi sana. Ila kama kuimeza kunatuliza ugonjwa, hapo majibu yanagongana. Marekani walilinganisha yuniti 5000 na yuniti 600 kwa siku kwa watu ambao tayari wako kwenye dawa, matokeo ya 2023 hayakuonesha tofauti. Wafaransa wakatoa yao 2025, yuniti 100,000 kila wiki mbili kwa watu ndo kwanza dalili zimewaanza na hawako kwenye dawa yoyote ya MS, wakafanya afadhali kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Sasa asitokee mtu akaiga dozi ile nyumbani!! D ikizidi haitoki na mkojo, kalsiamu inapanda kwenye damu, mtu anatapika, figo zinaingia mawe. Mtu mzima asivuke 4000 kwa siku bila daktari kumsimamia.

Bayotini (ndo vitamini B7) weka kabatini. Walijaribu miligramu 300 kwa siku, na mwili unataka kama maikrogramu 30 tu, mwanzo ikaonekana ya maana, ule utafiti mkubwa wa 2020 ukakuta haina faida. Na inaharibu majibu ya maabara, kipimo cha tezi ya shingoni na cha moyo kinaweza kusoma uongo. Chuma ni kama damu imepungua tu. B12 apimwe, maana ikikosekana inaleta ganzi na miguu kulegea mtu akadhani MS inapanda. Zinki nyingi kwa muda mrefu inafukuza madini ya shaba mwilini, na shaba ikiisha uti wa mgongo unaumia. Omega haina neno, ila samaki anatosha.

Baba_Swabra:
Khaa mnatisha watu na manamba yenu. Mpeni habasoda na asali asubuhi kabla hajala, ni dawa ya kila ugonjwa isipokua mauti. Hizo za hospitali ndo zinazoshusha kinga.

Mwana_wa_Wete:
Sheikh habasoda hata mie naila, hakuna aloikataa. Lakini MS ni kinga kutushambulia wenyewe, sasa unataka uipandishe iende wapi? Kama anaitaka aile na dawa aendelee nazo. Kuna watu wamesimamisha dawa kwa maneno kama haya, kabla mwaka haujesha wako kwenye kiti cha magurudumu.

Bint_Kikwajuni:
Shukran sana wote. Mfamasia nimeenda kusoma lebo, hii B komplex imeandikwa B6 miligramu 100, na ile ya mchanganyiko anayokunywa asubuhi nayo ina B6. Juzi kati kaanza kulalamika vidole vya miguu vinachoma, mama anasema ndo ugonjwa wenyewe.

Mfamasia_Mlandege:
Dada hio B komplex isimamishe leo leo. Miligramu 100 ndo mwisho kabisa kwa Wamarekani, Ulaya tangu 2023 wanasema mtu mzima asizidi 12, na huyu anapata kwenye chupa mbili. B6 ikizidi yenyewe inaua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, ganzi na kuchoma vile vile, na kwa mtu wa MS kila mtu atadhani ni MS. Mpigie daktari wake wa Dar umwambie vidole vinachoma na umtumie picha za lebo zote mbili, asije akapewa dripu za stiroidi, zile za kutuliza MS ikipanda, bure kumbe ni kidonge.

Bint_Kikwajuni:
Yarabbi. Nampigia sasa hivi.