Mbona Winning Eleven ya PS2 haitoki bandani?

Limbani_Wete

Assalaam alaykum. Nina kibanda cha gemu hapa Wete, Pemba. Nimenunua PS4, mashine ya gemu ya Sony, na tivii bapa, nikaweka gemu ya mpira ya karibuni. Nilijua PS2 zangu mbili, mashine za zamani, zitakosa wachezaji. Wapi! Jioni watoto wakitoka chuoni, madrasa, benchi linalojaa ni la PS2. Wanataka Winning Eleven, gemu ya mpira ya zamani, tena ile yenye Adriano, mshambuliaji wa Inter. Wengi wao wamezaliwa baada ya 2010, Adriano hawajapata kumuona uwanjani, lakini wanajua kwamba mpira ukimfikia mguu wa kushoto, kipa ajiandae. Kwenye PS4 wanasimama, wanasifu picha, kisha wanarudi kwenye foleni yao.

Msiniambie ni bei tu. Msimu wa karafuu mtoto keshauza mpeta wake, karafuu za kuokota, pesa anayo mfukoni, na bado anakaa kule kule.

Sasa nina akiba ya kuongeza mashine moja. Ninunue PS4 ya pili au nifufue PS2? Na hichi kinachowashika ni nini hasa?

Fundi_Darajani

Wa alaykum salaam. Fufua PS2, kaka. Mie ndizo ninazozitengeneza kila siku.

Konami, hawa Wajapani wenye gemu, hawakuwa na ruhusa ya kutumia majina ya timu nyingi. Kwenye toleo la 2006 Liverpool imeandikwa Merseyside Red, Chelsea ni London FC. Kwa hiyo ndani yake wakaweka sehemu pana ya kuhariri: jina, jezi, sura ya mchezaji, vyote unabadilisha. Mimi naona hapo ndipo gemu ilipopata umri mrefu. Watu walizoea kuirekebisha wenyewe, hawakungoja kampuni. Wabrazili wana Bomba Patch, gemu ile ile ya PS2 iliyotiwa vikosi vipya, na wameendelea nayo miaka na miaka. Hapa mjini vijana wameniletea memori kadi, vile vikadi vya kuhifadhia gemu, zenye Mlandege, KMKM na Malindi, jezi wamezichora rangi kwa rangi. Mtoto akishaiweka timu ya mtaani kwao mle ndani, utamtoa vipi?

Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, lakini zilikuwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 150, kwa hiyo vipuri vikuukuu havijakatika. Kinachokufa kwanza ni lenzi inayosoma sidii. Ikifa usihangaike na sidii: tia Free McBoot, programu ya kuwashia gemu bila sidii, kwenye memori kadi, gemu isome kwenye flashi. Flashi iwe imefomatiwa FAT32, na faili likizidi GB 4 ligawe. USB ya PS2 ni ya kizamani, kwa hiyo video za mwanzo zitakwamakwama, mechi yenyewe itakwenda. PS2 nene inakubali kutiwa "hadi diski" (hard disk, diski ya kuhifadhia gemu ndani), na hiyo ni bora zaidi. Kama unanunua nyembamba, tazama namba ya modeli chini yake: zile za mwisho, zinazoanzia 90, baadhi hazikubali Free McBoot.

Mkoani_Kwetu

Mimi sikubaliani. Konami wenyewe waliiacha PES, ndiyo hiyo Winning Eleven kwa jina jingine, tangu 2021 ni eFootball, ya bure, ipo hadi kwenye simu. Watoto wako wakishika simu nzuri, benchi litabaki tupu. Weka intaneti na PS4, ndiko mambo yanakokwenda.

Binti_wa_Chake

Mkoani, wadogo zangu wana eFootball kwenye simu, na Ijumaa wako bandani vile vile. Kwenye simu unafungwa na mtu usiyemjua. Bandani anayekufunga umekaa naye bega kwa bega, anayefungwa ndiye anayelipa, na kesho mnakutana skuli.

Halafu kuna mpira wenyewe. Nimekua nikicheza na kaka zangu, na mpaka leo sijaona gemu inayonipa pasi ya kupenyeza kama ile. Unabonyeza pembetatu, mshambuliaji keshaanza kukimbia, na ukikosea nguvu kidogo inapotea. Mpira haujagandishwa mguuni: unaugusa, unakwenda, unaufuata. Wachezaji wazito wanageuka kwa uzito wao. Ukifungwa unajua ni beki gani umemtoa mahali pake, na unataka mechi nyingine hapo hapo. Picha nzuri haikupi hayo.

Limbani, badilisha padi, hizo za kushika mkononi, kabla ya mashine. Padi yenye kijiti kilicholegea inaua mchezo wote.

Limbani_Wete

Ahsante dada, padi zangu mbili kweli zimelegea, nimeziangalia sasa hivi. PS4 itabaki moja, Mkoani, siiuzi. Fundi, wiki ijayo nashuka na boti kuja Unguja. Nakuletea PS2 iliyokufa lenzi, ni nene, unitilie hadi diski. Na hizo memori kadi za vijana, inakiliwe moja. Jamhuri na Chipukizi, timu zetu za Pemba, tutazichora wenyewe huku.