Wakuu, utumbo mpana ukivimba mtu ale protini gani? Nimekonda mno

Mwambao: Habari za jioni wakuu, niko Tanga mjini, nilipimwa nikaambiwa utumbo mpana umevimba una vidonda na ndio ugonjwa wa kudumu. Sasa nimekonda suruali zinanidondoka. Naombeni ushauri nile nyama, samaki, maharage au ule unga wa kopo wa watu wa jim wenye amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini? Kila mtu anasema lake. Matusi sitaki.

MamaKachori: Pole baba. Mie vidonda vya tumbo vilinitesa, nikanywa juisi ya kabeji, leo nakula kachori na pilipili yake kama kawa. Jaribu.

Nesi Mstaafu: Mama hiyo ya kwako ni ya mfuko wa chakula, hii ni nyingine kabisa. Mleta uzi, utumbo ukiwa umewaka mwili unataka protini zaidi, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ukitulia inarudi kwenye 1. Mwenye kilo 60 ni gramu 72 hadi 90 na yai moja lina 6 tu, piga hesabu. Samaki kula, nyama nyekundu na soseji punguza, wanaozila sana imeonekana ugonjwa unawarudia zaidi. Protini isiyosagika ikifika huko chini bakteria wanaichachusha, amino asidi zenye salfa zinatoa gesi ile ya kunuka yai viza, na inashukiwa kuuchokoza ukuta wa utumbo. Haya nijibu, choo kina damu? Unatumia dawa gani?

Mwambao: Damu kidogo tu. Vipi glutamini, ile amino asidi moja? Jamaa wa jim anasema ndio chakula cha utumbo.

Nesi Mstaafu: Seli za utumbo zinaitumia kweli, ila wagonjwa wa maradhi haya walipopewa haijathibitika kuwasaidia. Nimeuliza dawa.

Mwambao: Daah. Mesalazini, ile dawa ya kutuliza utumbo, niliacha baada ya Idi, nilikuwa fiti, nimeze vidonge kila siku kwa lipi? Goti likiuma ndio nameza diklofenaki. Msinihukumu, kopo nishalipia nusu, dawa nitarudia nikishapata nguvu.

Mzee wa Ngalawa: Samaki njooni Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, alfajiri vyombo vikiingia. Marehemu mjomba alikonda hivyo hivyo, shangazi akawa anamchemshia tasi kwa ndimu na chumvi, nazi hataki kuiona, anamtolea miba kwa vidole kama mtoto. Kumbe ilikuwa sukari. Ila supu ile jamani!

Sheikh Mtaa: Vijana mnataka mwili wa kununua dukani. Afya ni amana.

Kisiki: Ngojeni kwanza. Mbona kila akiandika kopo lipo? Juzi kaja mwingine na figo, naye kaishia kwenye kopo. Tangazo hili, kesho anaweka namba ya simu.

Mwambao: Jina la kopo nimelitaja wapi? Naandika hapa niko chooni kaka.

MamaKachori: Kwani shingapi hilo kopo?

Nesi Mstaafu: Liwe tangazo lisiwe, mwenye ugonjwa huu asome: diklofenaki na dawa za maumivu za jamii yake zinaweza kuuamsha, na kukatisha mesalazini kienyeji ndio damu inarudi. Ukiwa hivyo hata ukila ng'ombe mzima mwili unazidi kuisha. Nenda kwa daktari wako kesho.

Mwambao: Kesho nina zamu, labda Jumatatu. Na maharage hujanijibu.

Nesi Mstaafu: Yakikukata tumbo subiri utulie. Jumatatu ya wiki hii!

Kisiki: Bei ya kopo mbona kairuka?