Tupeane uzoefu: asali isiyopikwa na ngozi zetu

Mama wa Arua:
Wapendwa, kila kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, upepo mkavu wa huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huukausha uso wangu mpaka mashavu yakatoa magamba na hata kucheka kukawa na maumivu. Miaka miwili iliyopita mama mkwe aliniletea kidumu cha lita 5 cha asali kutoka kijijini, nzito, yenye rangi ya chai ya mkandaa, ikiwa bado na vipande vya nta na bawa moja la nyuki likielea juu. Nilianza kuipaka jioni tatu kwa wiki: ninanawa, ninauacha uso ukiwa na maji maji, ninapaka kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ninakaa dakika 20, kisha ninaisuuza kwa maji ya uvuguvugu na kupaka mafuta papo hapo. Hilo la kuacha uso na maji nilijifunza kwa kukosea, kwa sababu asali haitambai kwenye ngozi kavu, bali hunasa kwenye vinyweleo na kuvivuta unapoitoa. Baada ya wiki kama sita magamba yaliisha na chunusi za kidevuni zikapungua, ingawa makovu meusi ya zamani yalibaki palepale. Kwa haki niseme pia kwamba wakati huohuo niliacha krimu ya kung'arisha niliyokuwa ninaitumia, kwa hiyo siwezi kuipa asali sifa zote. Naomba wenye uzoefu mueleze mliitumiaje, ilisaidia wapi na wapi iliwashinda.

Mrina asali wa Yumbe:
Asante, mama. Kwanza tuelewane kuhusu neno. Watu wa mjini husema "asali mbichi" wakimaanisha asali ambayo haikupikwa, lakini kwangu mimi ninayeirina, asali mbichi ni ile iliyotolewa mzingani kabla nyuki hawajaziba vijumba vya sega kwa nta, nayo ina maji mengi, huchacha upesi na kutoa povu lenye harufu ya pombe. Inayofaa ngozi ni asali iliyoiva, ambayo maji yake hayazidi asilimia 20, iliyochujwa kwa kitambaa safi bila kutiwa motoni. Nyuki huchanganya nekta na kimeng'enya ambacho, asali inapokutana na unyevu wa ngozi, hutengeneza kidogo kidogo haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayosafishia vidonda. Ukiichemsha asali, kimeng'enya hicho huharibika na unabaki na utamu tu. Tatizo ni kwamba wachuuzi wengi huweka sufuria juu ya sigiri ili asali iliyoganda iyeyuke na kuingia kwenye chupa kwa urahisi, na mnunuzi naye huisifu kwa sababu inang'aa.

Kuganda si ushahidi kwamba imechanganywa na sukari. Glukosi iliyomo ndani yake hufanya chembechembe yenyewe, na dawa yake ni kuiweka chupa ndani ya maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia. Kuhusu vipimo ambavyo watu hutumia kutambua asali halisi, yaani kuchovya njiti ya kiberiti ndani yake na kuona kama itawaka, na kudondosha tone kwenye glasi ya maji na kuona kama litazama bila kuyeyuka, nimeona kwa macho yangu shira nzito ya sukari ikifaulu vyote viwili. Ninapopungukiwa na asali yangu hununua kwa mtu ambaye mizinga yake nimeifikia kwa miguu.

Binti wa Ntinda:
Mimi niliharibikiwa, ila kosa halikuwa la asali. Niliambiwa nikamulie limau ndani yake ili madoa yafifie, nikapaka asubuhi, nikasuuza harakaharaka na kupanda boda boda kwenda mjini katika jua la saa nne. Baada ya siku mbili uliniota mstari wa malengelenge kuanzia taya hadi shingoni, mahali hasa ambapo maji ya limau yalikuwa yamechuruzika, na ulipopona ukaacha alama nyeusi iliyochukua zaidi ya miezi minne kutoweka. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba limau na ndimu zina kemikali zinazoifanya ngozi iungue inapopigwa na jua, na kwamba asali peke yake haina tabia hiyo. Sasa ninaipaka usiku bila kuchanganya na kitu chochote.

Muuguzi wa Gulu:
Dada wa Ntinda, pole sana. Naongezea kwa upande wa vidonda, kwa sababu naona watu huanza na chunusi wakaishia kupaka asali ya jikoni kwenye mguu wenye kidonda cha kisukari. Ni kweli kwamba asali huponya: ina tindikali, sukari yake hufyonza maji ambayo vijidudu vinayahitaji, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, mwaka 2015 yalionyesha kuwa majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini asali ya hospitali huwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi, wakati ile ya kidumu huweza kubeba mbegu za vimelea hatari. Ndiyo maana pia mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja halambishwi asali hata kwa ncha ya kidole. Kwa ngozi isiyo na jeraha, jaribuni kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na msubiri siku nzima, hasa aliyewahi kuvimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki au mwenye mzio wa chavua.

Mama Mafuta, Lira:
Sisi huku tuna mafuta ya shea, kwa hiyo asali kwangu ni kijakazi tu. Ninayeyusha nta kijiko kimoja na mafuta ya shea vijiko vitatu, ninaepua, na mchanganyiko unapopoa hadi kuanza kushikana ninatia asali nusu kijiko huku nikikoroga mfululizo, maana ukiacha kukoroga asali hukimbilia chini. Midomo na magaga ya miguu huitikia ndani ya wiki moja.

Mzee wa Jinja:
Nami nitoe ushuhuda wa upande wa pili, ili wageni wasidhani ni muujiza. Ukurutu wangu wa shingoni niliupaka asali ya Arua kwa mwezi mzima, kila usiku, nikilala na kitambaa begani kwa hofu ya sisimizi. Kuwashwa kulipungua kwa saa chache kila mara, lakini ukurutu haukuondoka hadi nilipopewa dawa ya kupaka kliniki. Asali iliyobaki wajukuu waliimaliza kwa mihogo ya kuchemsha, na hakuna aliyelalamika.